Watoto Wenye Mama Walioitwa Yatima

Tarehe 2 Desemba 2024 Tribinali ya rufaa ya Bruxelles, katika Ubelgiji, ilikata shauri la wamama watano waliozaliwa katika Kongo kati ya miaka ya 1945 na 1950. Wote ni wametisi: baba mzungu, mama mwafrika. Walipokuwa wadogo, hawajatimiza miaka 7, watu wa Serikali ya koloni waliwaondoa kwa mama zao na kuwapeleka kwenye misioni ya Masista ya Katende, katika Kasai. Tribinali ilisema kwamba jambo hilo lilikuwa kosa juu ya utu wenyewe, kosa la namna ile isiyofutwa na kupita kwa miaka, ikaamuru Serikali ya Ubelgiji imlipe kila mmoja wao euro 50.000.

Wandugu wapenzi, wengi wetu tulisikia habari hiyo kwa redio, kisha tukaendelea na kazi zetu. Lakini sisi hatuwezi kuiacha ipite hivi hivi. Ndani yake limo neno misioni, vimo vitabu vya ubatizo, na wamo watu ambao hata leo wafika mlangoni kwa padri na kuuliza: Mama yangu alikuwa nani? Yafaa basi tujue mambo yenyewe yalikuwaje, tusije tukajibu ovyo.

Kwanza, namna gani mtoto mwenye mama aliitwa yatima? Mwanzo ulikuwa sheria ya Mfalme Leopold II ya mwaka wa 1890. Sheria hiyo ilitaka Serikali iwe mlezi wa watoto walioachwa, hasa wale waliookolewa katika biashara ya watumwa. Mwaka wa 1892 mashirika ya dini yalipewa ruhusa ya kuwapokea na kuwafundisha. Mpaka hapa mtu hawezi kulaumu sana: mtoto aliyetolewa katika minyororo, asiyejua kwao, lazima apate mlezi. Ubaya ulikuja baadaye, neno lile "aliyeachwa" liliponyoshwa kama mpira. Mtoto metisi ambaye baba yake mzungu hakumkubali kwa maandishi alihesabiwa kuwa ameachwa, hata kama mama yake alikuwa akimbeba mgongoni kila siku, na nyanya na wajomba walikuwa wakimpenda. Katika karatasi iliandikwa: baba hajulikani. Na kumbe kijiji kizima kilimjua, na mara nyingi Bwana Mtawala mwenyewe alikula naye mezani.

Kwa nini Serikali iliwataka watoto hao? Koloni ilisimama juu ya ukuta uliotenga wazungu na watu weusi, na metisi alizaliwa juu ya ukuta huo. Wakubwa waliogopa kwamba watoto hao, wakikulia vijijini, watakuwa siku moja viongozi wa maasi. Tena waliona aibu kwamba mtoto wa mzungu akule na kulala kama watoto weusi. Ndoa ya kienyeji haikuwa na nguvu mbele ya sheria yao, hata kama mahari imetolewa. Mwanamke aliyekaa miaka mingi na mzungu, akamzalia na kumpikia, aliitwa tu mtunza nyumba. Siku mzungu alipomaliza mkataba wake na kurudi Ulaya, mama hakuwa na neno la kusema juu ya mtoto wake. Wako wababa waliowakubali watoto wao na kuwalipia shule, tusiwasahau. Lakini hawakuwa wengi.

Wamama watano wa Bruxelles walichukuliwa kati ya 1948 na 1953. Amri ilifika kijijini, na jamaa walitishwa kwamba wakikataa wataona taabu. Mtoto wa miaka mitatu au minne alipelekwa mbali na kwao, kwa watu asiowajua wala kujua lugha yao.

Hapa lazima tuseme kweli juu ya misioni. Masista waliwapa chakula na mafundisho, na wako wametisi wanaomkumbuka Sista fulani kwa machozi mema. Lakini wako wengi zaidi wanaokumbuka njaa, nguo chache, na jina lile walilopewa: watoto wa dhambi. Mtoto hana dhambi ya baba yake, katekista mdogo ajua hilo. Halafu ilipofika 1960 na vurugu za baada ya uhuru, Masista wa Katende waliondoka, nao watoto wakabaki nyuma, katika hatari ambayo sitaisimulia hapa.

Njia ya pili ilikuwa ya kwenda ng'ambo. Huko Save, katika Rwanda, palikuwa na nyumba ya wametisi waliokusanywa kutoka Rwanda, Burundi na Kongo. Kati ya 1959 na 1962, uhuru ulipokaribia, watoto karibu 300 wa nyumba ile walipelekwa Ubelgiji kwa ndege. Wakagawanywa: huyu kwa jamaa hii, ndugu yake kwa jamaa ile, mwingine katika nyumba ya yatima. Wengi walibadilishiwa majina, na tarehe za kuzaliwa pia. Wengine walikua wakawa watu wazima bila kuwa raia wa nchi yo yote. Na wamama wengi waliobaki huku hawakuwaona tena mpaka kufa.

Mseminari mmoja aweza kusema: zamani zile watu hawakujua kama ni vibaya; tusiwahukumu kwa akili ya leo. Serikali ya Ubelgiji ilisema karibu hivyo hivyo, na tribinali ya kwanza ilikubali neno hilo mwaka wa 2021. Lakini tribinali ya rufaa ilihesabu miaka. Hukumu ya Nuremberg juu ya wakubwa wa Ujerumani ilisimama juu ya kanuni za mwaka wa 1945, nazo zahesabu kati ya makosa juu ya utu matendo ya kikatili na mateso yatendwayo kwa sababu ya ukoo. Desemba 1946 Mataifa yaliyounganika yalizithibitisha kanuni hizo, na Ubelgiji ulikuwa mmojawapo wa mataifa hayo. Watoto wetu walichukuliwa tangu 1948. Basi ilikwisha kujulikana. Tena waliwindwa kwa mpango, kwa sababu moja tu, yaani kuzaliwa na mama mweusi na baba mweupe.

Na sisi, je, hatukujua? Fungueni Mtakatifu Tomaso wa Akwino, Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 10, fungu la 12. Anauliza kama yafaa kubatiza watoto wa wasioamini, wazazi wao wakikataa. Anajibu hapana, kwa kuwa ni kinyume cha haki ya maumbile: mtoto asiyepata bado akili yuko chini ya ulinzi wa wazazi wake, kama katika tumbo la pili, tumbo la roho. Tomaso aliandika hayo karibu miaka 700 mbele ya Katende. Kama haifai kumtwaa mtoto kwa ajili ya ubatizo wenyewe, itafaa namna gani kumtwaa kwa ajili ya rangi ya ngozi? Mapadri wa siku zile walikuwa na kitabu hicho katika kabati. Mimi naona kwamba hawakukosa elimu; walikosa kumhesabu mama mweusi kuwa mzazi kamili.

Maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha mwaka wa 2017. Mkubwa wa Serikali yao, Charles Michel, aliomba msamaha tarehe 4 Aprili 2019 mbele ya bunge. Mwaka huo huo, katika nyumba ya hifadhi ya maandiko ya Taifa la Ubelgiji, ilianza kazi ya kutafuta karatasi za wametisi, ili kila mmoja aweze kuomba habari zake.

Watu wengine huchanganya mambo haya na jambo lingine la siku hizi: baba au mama anayemwiba mtoto wake mwenyewe na kuvuka naye mpaka. Kwa jambo hilo liko patano la La Haye la tarehe 25 Oktoba 1980. Ubelgiji umo tangu 1999, na jirani zetu wa Zambia waliingia mwaka wa 2014. Kanuni yake ni nyepesi: mtoto aliye chini ya miaka 16, akiondolewa bila haki, arudishwe upesi katika nchi alimokuwa akikaa, na hakimu wa huko ndiye atakayeamua alelewe na nani. Hakimu wa nchi alikofichwa haulizi nani ni mzazi bora. Akiona hatari kubwa kwa mtoto aweza kukataa kumrudisha. Vile vile kama mwaka mzima umepita kabla ya kuombwa, na mtoto amekwisha kuzoea. Kwa hiyo, padri akiombwa na mzazi mmoja cheti cha ubatizo na barua ya safari ya mtoto, aulize kwanza: Na mwenzako anasemaje? Mzazi aliyenyang'anywa mtoto leo anaweza kushitaki. Mama wa mwaka wa 1950 angemshitaki nani? Aliyemnyang'anya ndiye aliyekuwa hakimu.

Sasa kazi yetu. Tuseme mzee mmoja, au binti yake, anafika parokiani na jina la mtakatifu, mwaka, na pengine picha. Anaomba kuona aliandikwaje. Msimwambie kwamba vitabu vya zamani havifunguliwi. Kanuni ya 487 ya Sheria ya Ekleziya yasema kwamba mtu ana haki ya kupata nakala ya maandiko yanayohusu hali yake, na kanuni ya 535 yatuamuru kuvilinda vitabu vya zamani visiharibike. Kama paa lenu lavuja juu ya kabati, anzeni hapo.

Tafuteni kwa tarehe ya ubatizo kuliko tarehe ya kuzaliwa, maana hii ya pili mara nyingi ilikisiwa. Mtakuta neno la Kilatini, "ignotus", mahali pa baba, na pengine mahali pa mama hapana kitu. Someni basi jina la mdhamini, na maneno madogo ya pembeni. Nakilini yote herufi kwa herufi, pamoja na makosa: jina la kijiji liliandikwa na mtu wa Ulaya kama alivyolisikia, na mzee wa huko akilisikia likisomwa kwa sauti atalitambua, lakini mkilisahihisha ninyi halitambuliki tena. Msiongeze wino wo wote katika kitabu bila ruhusa ya Askofu. Kwa watoto wa leo wanaozaliwa bila ndoa, kanuni ya 877 yataka jina la mama liandikwe ikiwa ajulikana wazi au akiomba mwenyewe. Liandikeni, pamoja na kijiji chake.

Na jina la mama likipatikana, msilitangaze kanisani. Pengine aliolewa baadaye, na watoto wake wengine hawajui kwamba wana ndugu. Katekista wa mahali aende peke yake, jioni, akakae na wazee wa kike, aulize polepole kama kuna mtu anayekumbuka siku ambayo mtoto mweupe alipandishwa katika lori.