Turubai la Bluu na Uso wa Bi Harusi

Mama wa bi harusi alizipitia picha kimya, kisha akanirudishia tableti. "Mwanangu, mbona huyu mtoto kama katolewa kwenye friza?"

Hakukosea. Shughuli ilifanyika saa saba mchana chini ya turubai la bluu, na kwenye picha kila aliyeketi humo alikuwa na midomo ya zambarau. Siku ile hakuna aliyeliona hilo kwa macho. Ubongo hurekebisha mwanga bila kutuarifu, ndiyo maana kanzu nyeupe tunaiona nyeupe juani, kivulini na hata kando ya kibatari. Kamera huandika mwanga ulioifikia, basi.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvin. Mshumaa uko karibu 1,900, jua la mchana kama 5,500, na kivuli chini ya anga safi hupita 7,000. Namba ikipanda, bluu inazidi. Photoshop, Lightroom, GIMP ya bure na hata Snapseed ya simuni zote zina pa kurekebisha jambo hili: upande mmoja bluu, upande wa pili njano. Nyingi zina pia mstari wa kijani na zambarau, unaofaa sana kwa picha za ukumbini zilizopigwa chini ya taa za tyubu.

Lakini wengi wetu mkono hukimbilia kwanza kukoleza rangi. Ukikoleza picha yenye bluu ya ziada, na hiyo bluu inakolea.

Anza kwa kutafuta kijivu. Programu nyingi zina alama ya kimrija kama cha kudondoshea dawa ya macho. Ukiigusisha mahali panapopaswa kuwa pa kijivu, inasawazisha nyekundu, kijani na bluu za picha nzima kufuata hapo. Mahali penyewe pawe ndani ya mwanga uleule uliompata mhusika. Sakafu ya saruji isiyopakwa rangi inafaa vya kutosha. Kanzu inatega. Kwetu nguo nyeupe huoshwa kwa bluu ya kufulia, na ukiiambia programu kuwa rangi ile haina bluu, itaifuta kwa kumwaga njano picha nzima. Ukumbi mzima unaugua manjano! Tena kitambaa kilichounguzwa na mwanga hadi 255 katika rangi zote tatu hakina habari yoyote ya kutoa.

Kwa turubai, kijivu peke yake hakikutosha. Kitambaa cha bluu humeza wekundu kabla haujamfikia mtu. Na kamera nyingi zinafuata mpango uliosajiliwa na Bryce Bayer wa Kodak mwaka 1976: katika kila vijicho vinne vya kihisi, viwili hupokea kijani, kimoja bluu, kimoja nyekundu. Kwa hiyo nyekundu iliyokwisha kuwa haba hupokelewa na robo tu ya vijicho. Ukiivuta ipande, chenga zinapanda nayo. Picha ya JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. Faili ghafi la biti 14, lile ambalo kamera huliita RAW, lina ngazi 16,384. Nilinusurika kwa kuwa nilihifadhi yote mawili.

Baada ya hapo ndipo uso. Ngozi ya binadamu, nyeusi kwa nyeupe, chini ya mwanga uliosawazishwa huwa na mpangilio uleule: nyekundu juu, kijani katikati, bluu chini. Kinachotofautiana zaidi ni mwangaza. Kwa bi harusi wangu bluu ilikuwa imepanda juu ya nyekundu, na hilo ndilo la kutibu. Anayekimbilia kuvuta vivuli ili "kumng'arisha" huua weusi wenye kina, na uso unapauka kama haujapakwa mafuta. Kasoro hii ina historia: kwa miongo kadhaa maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye mwanamke mzungu, zilizoitwa "Shirley", na ngozi zetu hazikuwa kwenye kipimo.

Tatizo la mwisho lilikuwa wageni wa pembeni, waliopigwa na jua halisi. Bluu ilipotoka katikati, wao wakawa rangi ya chungwa. Ikabidi niwachague peke yao kwa brashi na kuwarudisha walikokuwa, picha baada ya picha, mpaka usiku wa manane.

Nilipompelekea tena, mama alitabasamu, akaikuza picha kwa vidole. Uso wa mwanawe ulikuwa wa kahawia iliyoiva, midomo mahali pake. Kisha akakunja uso.

"Na turubai langu la bluu mmelipeleka wapi?"

Juu ya vichwa vya wageni lilikuwa limegeuka kijivu. Nikarudi kwenye brashi.