Je, Wajua? Bartholdi na Mama wa Shaba

Je, wajua kwamba kabla ya Sanamu ya Uhuru ya New York, aliyeichonga alikuwa na ndoto ya kumsimamisha mwanamke mwingine mwenye taa pale Suez? Mwaka 1869, mwaka uleule Mfereji wa Suez ulipofunguliwa, Mfaransa Frédéric Auguste Bartholdi alimpelekea Khedivi Ismail, mtawala wa Misri, michoro ya mnara wa taa wenye umbo la mkulima wa kike wa Kimisri, kajitanda nguo, kainua mkono. Meli za kuelekea Bahari ya Hindi zingepita mbele yake. Khedivi hakuukubali mradi huo. Baadaye Bartholdi alikana katakata kwamba mama wa New York alitokana na yule wa Suez. Lakini iweke michoro yao pamoja uone kama utamwamini.

Bartholdi, mzaliwa wa Colmar mwaka 1834, alijua kuchonga, ila mimi naona alijua zaidi kuchangisha. Fedha za sanamu zilipokuwa zikisuasua, mwaka 1876 aliupeleka Marekani mkono peke yake! Kwenye maonyesho ya Philadelphia watu walilipa senti 50 kupanda hadi kwenye mwenge. Kisha mkono ukasimamishwa katika bustani ya Madison Square, New York, ukakaa huko hadi 1882. Kichwa nacho kilionyeshwa Paris mwaka 1878. Mwaka uliofuata akajipatia hataza ya Marekani ya umbo la sanamu, ili anayetaka kuuza mifano yake midogo asijifanyie tu.

Je, wajua pia kwamba mama huyu ni mwembamba ajabu? Ngozi yake ni mabamba ya shaba yenye unene wa milimita 2.4 tu. Mafundi waliyapiga kwa nyundo kwenye kalibu za mbao, pigo kwa pigo, mpaka shaba ikashika mikunjo ya nguo. Ndani kuna kiunzi cha chuma kilichobuniwa na Gustave Eiffel, kabla hajaujenga mnara wake. Mwaka 1885 meli ya Isère ilimfikisha New York akiwa vipande 350 ndani ya makasha 214. Siku hizo alikuwa na rangi ya shaba. Ukijani ulikuja taratibu, miaka ilivyopita.

Alizinduliwa tarehe 28 Oktoba 1886. Siku hiyo wanawake walioruhusiwa kwenye kisiwa anaposimama walikuwa wa kuhesabika, kwa hiyo watetezi wa haki yao ya kupiga kura walikodi boti wakapaza sauti zao majini. Bartholdi alikuwa juu kabisa, tayari kuiangusha bendera ya Ufaransa iliyoufunika uso wa sanamu. Seneta William Evarts, akihutubia, akanyamaza kidogo. Bartholdi akadhani hotuba imekwisha, akaiachia bendera. Shangwe zikalipuka, na hotuba ya seneta ikaishia hapohapo.