Gharika Ikipita, Shimo la Choo Hubaki

Mji wa Uvira uko kaskazini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, umebanwa kati ya milima na maji. Katikati ya Aprili 2020 mvua kubwa iliporomosha matope na mawe kutoka milimani, na Mto Mulongwe ukavunja kingo zake na kupita katikati ya makazi. Makumi ya watu walikufa, na makumi ya maelfu wakakosa makao. Pigo ambalo halikuonekana sana katika picha za maafa liliangukia mtambo wa kusafisha maji ya bomba. Mji uliozoeana na kipindupindu kwa miaka mingi ukarudi kuteka mitoni na ziwani.

Kwa wakazi wa Kigoma na Ujiji hiyo haikuwa habari ya mbali. Boti za abiria na mizigo huunganisha mialo ya pande zote za ziwa, na mvua zilezile za 2019 na 2020 zilianza kulipandisha ziwa lenyewe, hata maji yakafika kwenye nyumba na mialo ya ufukweni. Ziwa hili lina njia moja tu ya kutolea maji, Mto Lukuga, unaoanzia Kalemie. Mvua zikizidi, maji hukawia kuondoka. Ufuko wake haujawahi kuwa mpaka uliotulia. Mnara wa Ujiji unaokumbusha kukutana kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871 leo uko mbali na maji, kwa kuwa miaka michache baadaye Lukuga ilifunguka na ziwa likashuka kwa karibu mita 10.

Ziwa linapopanda, shimo la choo huathirika kabla ya ukuta kulowa. Maji ya ardhini huinuka, shimo hujaa kutoka chini, na yaliyomo hupenya hadi kisimani, au ufukweni palepale wanapooshea vyombo na kuteka maji ya kunywa. Maji yakishuka, lipu hupakwa upya, dagaa huanikwa tena, na familia husema imepona. Mara nyingi choo kipya huchimbwa kwenye udongo uleule mbichi.

Huko Uvira chanjo ya matone ya kipindupindu ilitolewa kwa umma katika nusu ya pili ya 2020. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba hata dozi moja ilipunguza hatari ya kuugua kwa takriban nusu, miezi 12 hadi 17 baadaye, ingawa kinga ilielekea kuwa pungufu kwa watoto wadogo. Ni faida kubwa, lakini ni nusu tu. Nusu iliyobaki inategemea bomba na choo.

Mkoa wa Kigoma unajua gharama ya kukosa vyote viwili. Mwezi Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walirundikana Kagunga, kijiji cha ufukweni kinachofikiwa zaidi kwa njia ya maji, na katika majuma machache wagonjwa wa kipindupindu na kuhara kukali walizidi 3,000.

Anayeharisha maji mengi aanze kunywa maji ya ORS nyumbani, na aendelee kunywa njiani kuelekea kituoni. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi hufaa kwa dharura. Mtoto mchanga aendelee kunyonya. Aliyelegea, macho yamezama na hawezi kunywa anahitaji dripu bila kuchelewa, hata kabla ya majibu ya maabara. Mhudumu anayejaza daftari la wagonjwa na aulize swali moja zaidi: choo cha nyumbani kiko umbali gani kutoka majini, na je, kilijaa ziwa lilipopanda?