Ukarabati wa Sakafu ya Niru katika Nyumba za Kupanga Mkoani Singida: Uamuzi wa Wakati na Namna

Katika nyumba nyingi za kupanga mjini Singida, na katika miji midogo kama Manyoni, Itigi, Ikungi na Kiomboi, sakafu ni ya saruji iliyomalizwa kwa niru, yaani tabaka jembamba la saruji tupu lililosuguliwa kwa mwiko wa chuma hadi likang'aa. Sakafu hiyo ikianza kumeguka, mwenye nyumba huita fundi, fundi hupaka niru mpya juu ya ile ya zamani, na mpangaji huingia jioni yake. Baada ya miezi michache niru hubanduka vipande vipande mithili ya maganda, na lawama huelekezwa kwa saruji, kwa fundi au kwa mpangaji. Makala haya yanafafanua namna ya kuamua ni lini sakafu ya aina hii ifanyiwe ukarabati na ni kwa njia gani. Hoja inayojengwa ni kwamba ukarabati mwingi wa sakafu katika nyumba za kupanga hauharibiki kwa kukosa saruji. Huharibika kwa kukosa siku.

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini mjadala huu hauhusu mbao, ilhali misitu ya miombo ya magharibi mwa mkoa, upande wa Itigi na Manyoni, ina mninga, mti ambao mbao zake zinasifika. Jibu ni la kiuchumi na la kimazingira kwa pamoja. Mninga huishia kwenye milango, fremu, vitanda na makabati. Kuulaza chini, karibu na ardhi yenye mchwa, katika chumba kitakachotumiwa na wapangaji watano kwa miaka kumi, ni gharama ambayo kodi ya chumba haiwezi kuirudisha. Hata hivyo, ulinganisho na mbao unasaidia kuelewa tatizo. Sakafu ya mbao hukarabatiwa kwa kupunguza: husuguliwa kwa msasa hadi uso mpya utokeze, kisha hupakwa vanishi. Sakafu ya niru hukarabatiwa kwa kuongeza. Kila tabaka linaloongezwa huinua sakafu, na ndiyo maana katika nyumba za zamani mlango hukwaruza chini na fundi seremala huitwa kuupunguza kwa randa. Mlango uliopunguzwa mara mbili ni kumbukumbu nzuri ya historia ya sakafu kuliko maelezo ya mwenye nyumba.

Sakafu ya kawaida ina matabaka matatu. La chini ni jamvi, yaani zege la kokoto lililomwagwa juu ya mawe na kifusi kilichoshindiliwa. Juu yake kuna mota ya saruji na mchanga inayosawazisha uso. Juu kabisa kuna niru. (Inafurahisha kuona kwamba lugha ya mafundi imeliita zege kwa jina la jamvi, kitu cha ukindu kinachotandikwa na kukunjwa, ingawa zege halikunjwi.) Utambuzi wa tabaka lililoharibika ndio msingi wa uamuzi wote. Niru iliyochakaa, mota iliyoachana na jamvi, na jamvi lililotitia ni maradhi matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine.

Ufa wa sakafu si suala la mwonekano tu. Katika Tanzania ya kati, nyumba za tembe zenye sakafu na kuta za udongo zimehusishwa kwa muda mrefu na homa ya papasi. Mwaka 1905 Robert Koch, akiwa katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, alichunguza namna papasi wanavyoeneza vimelea vya homa hiyo, na akavikuta vimelea hivyo hata ndani ya mayai yao. Papasi hujificha mchana ndani ya nyufa na vumbi, hutoka usiku kunyonya damu ya aliyelala, na anaweza kuishi muda mrefu sana bila kula. Funza naye hukulia katika vumbi kavu la sakafuni. Saruji iliyo nzima huwanyima wadudu hawa maficho. Saruji iliyopasuka hadi kwenye kifusi huanza kuyarudisha. Kwa familia ambayo watoto wake hulala kwenye godoro lililotandikwa chini, tofauti hiyo ni kubwa.

Uchunguzi wa sakafu hauhitaji vifaa vya maabara. Hatua ya kwanza ni kuigonga. Fundi hupita chumba kizima akigonga kwa mpini wa nyundo au kipande cha nondo na kusikiliza. Mlio mzito uliojaa humaanisha kuwa matabaka yameshikana. Mlio wa mtungi mtupu humaanisha kuwa mota imeachana na jamvi, hata kama uso bado unang'aa. Sehemu zenye mlio mtupu huzungushiwa alama ya chaki. Zikiwa chache na zimejitenga, hukatwa na kuzibwa. Zikifika karibu nusu ya chumba, kuziba viraka ni kupoteza saruji, na ni bora mota yote ivunjwe.

Hatua ya pili ni kusoma nyufa. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui, zisizopitisha ukucha, ziko kwenye niru peke yake na hutokana na uso kukauka upesi mno siku ilipomalizwa. Ufa mrefu ambao upande mmoja uko juu na mwingine chini ni habari nyingine: jamvi limetitia, ama kwa sababu kifusi hakikushindiliwa, ama kwa sababu nyumba imejengwa juu ya udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Ufa wa namna hiyo usizibwe kabla ya kujulikana kama bado unasogea. Fundi makini huweka kidonge chembamba cha saruji juu ya ufa na kuandika tarehe. Kidonge kikipasuka, ardhi bado inacheza.

Hatua ya tatu huhusu unyevu, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Kipande cha nailoni chenye upana wa futi mbili hutandazwa sakafuni, kingo zake zikabandikwa kwa tepu pande zote, kikaachwa usiku na mchana. Matone yakionekana chini ya nailoni, au sakafu ikiwa nyeusi pale ilipofunikwa, maji yanapanda kutoka ardhini. Matone yakiwa juu ya nailoni, unyevu ni wa hewa ya chumbani. Pamoja na unyevu wa ardhini mara nyingi huja unga mweupe wa chumvi. Singida ina sababu ya pekee ya kuwa na hadhari na chumvi: maziwa ya Singidani na Kindai, yanayopakana na mji, ni ya maji ya chumvi. Mchanga wa kingo za maziwa hayo, hata ukipatikana kwa bei nafuu na kwa umbali mfupi, haufai kwa sakafu, kwani chumvi yake huvuta unyevu na kuisukuma niru kutoka chini. Mchanga wa makorongo yasiyopokea maji ya ziwa ni salama zaidi, nao uchekechwe kuondoa tope.

Baada ya kujua tabaka lililoharibika, hubaki swali la nani agharamie. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inaweka masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mkataba wa upangishaji hata kama hayakuandikwa. Kifungu cha 88 kinamtaka mwenye nyumba kuhakikisha kuwa nyumba au chumba cha kuishi kinafaa kwa makazi ya binadamu tangu mwanzo wa upangaji na kinaendelea kufaa. Kifungu cha 89 kinamtaka mpangaji kutunza alichopangishwa na kukirudisha katika hali aliyokipokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Kwa lugha ya sakafu, niru iliyolika mlangoni kwa nyayo za miaka minane ni uchakavu wa kawaida, na mpangaji hadaiwi kitu. Shimo lililochimbwa na kinu kilichotumiwa kutwangia ndani, au niru iliyopasuka kwa joto la jiko la mkaa lililowekwa chini bila kigae, ni la mpangaji. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hauwezi kuwa wa mpangaji kwa hali yoyote. Ugumu ni kwamba pande hizi mbili huwa hazina kumbukumbu ya hali ya mwanzo. Picha chache za simu zilizopigwa siku ya kukabidhiwa ufunguo, zikatumwa kwa pande zote mbili, zingemaliza migogoro ambayo sasa hufikishwa kwa mwenyekiti wa mtaa bila ushahidi wowote.

Sasa kuhusu wakati. Saruji haikauki kama nguo. Hugangamala kwa kuungana na maji, na maji yakitoweka mapema muungano huo husimama. Sakafu mpya huhitaji kuwekwa katika hali ya unyevu kwa siku 7 angalau, na nguvu yake kwa desturi ya wahandisi hupimwa siku ya 28. Singida ni mji wa upepo, ulioko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya kiangazi upepo huo ni mkavu. Fundi anayeacha madirisha wazi ili sakafu "ikauke haraka" anaiua. Madirisha na mlango yafungwe siku za mwanzo, na sakafu ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa au kwa nailoni. Kwa upande mwingine, kiangazi huficha maradhi ya unyevu: sakafu inayotoa maji mwezi Februari inaweza kuonekana nzima mwezi Agosti. Kwa hiyo uchunguzi wa unyevu ufanywe wakati wa mvua, ambazo kwa kawaida hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na kazi yenyewe ifanywe baada ya ardhi kukauka.

Kikwazo kikubwa, hata hivyo, si hali ya hewa. Ni kwamba chumba cha kupanga hakikai kitupu. Mpangaji mmoja hutoka asubuhi, na dalali huwa tayari amemleta mwingine. Siku moja ya kuvunja na kusafisha, siku moja ya kumwaga, siku saba za kumwagilia maji na siku moja ya kusafisha tena hufanya siku kumi. Mwenye nyumba huziona siku hizo kuwa ni theluthi ya kodi ya mwezi iliyopotea. Hesabu ni sahihi, lakini imefanywa kwa kipimo kisichofaa. Pale kodi inapolipwa kwa miezi sita kwa mkupuo, siku kumi ni sehemu moja tu ya kumi na nane ya malipo hayo, ilhali sakafu iliyoharakishwa italazimisha saruji, mchanga na ujira wa fundi kulipwa upya. Mwenye nyumba asiyeweza kuzipata siku hizo kumi afadhali aache sakafu kama ilivyo na kuziba mashimo peke yake, kuliko kupaka niru mpya jioni ya kuhamia.

Kazi yenyewe, siku zikipatikana, si ngumu. Mota iliyoachana na jamvi huvunjwa yote. Jamvi hugongwagongwa kwa patasi na nyundo mpaka uso wake uwe na makovu, hufagiliwa vumbi, kisha huloweshwa usiku kucha. Asubuhi maji yaliyotuama huondolewa, na uji mzito wa saruji husuguliwa kwa brashi ngumu. Mota hufuata kabla uji huo haujakauka, kwa kipimo cha ndoo moja ya saruji kwa ndoo tatu au nne za mchanga, na maji ya kutosha tu kuifanya ishikamane inapokamatwa mkononi. Unene usipungue milimita 25. Kwa chumba cha futi 10 kwa 10, mota ya milimita 30 kwa kipimo cha moja kwa nne hutumia takriban mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 na toroli tano hivi za mchanga. Uji na niru huhitaji sehemu ya mfuko wa tatu. Niru hupigwa siku hiyohiyo, mota ikiwa imeshika lakini bado mbichi. Niru inayopigwa kesho yake, juu ya mota iliyokwisha kugangamala, ndiyo ile inayobanduka. Anayetaka rangi nyekundu ya sakafu za zamani huichanganya oksidi na saruji ya niru ikiwa kavu, si kuinyunyiza juu baadaye.

Jamvi linalopitisha unyevu huhitaji zaidi ya hayo: nailoni nzito hutandazwa juu yake, na mota hupandishwa hadi milimita 50 au zaidi kwa kuwa haitashikana tena na jamvi. Mlango utapunguzwa, hilo halikwepeki.

Kwa mpangaji asiyeweza kuhama, kazi hugawanywa. Aliye na chumba na sebule humaliza kimoja kabla ya kingine. Mwenye chumba kimoja anaweza kugawa sakafu kwa ubao na kumwaga nusu kwa nusu, lakini siku kumi huwa ishirini, na kuvunja mota karibu na vyakula na watoto wadogo ni adha isiyostahili isipokuwa pale hali ya sakafu ni mbaya kweli. Mpangaji akigharamia kwa makubaliano ya kukatiwa kodi, kiasi, tarehe na maelezo ya kazi viandikwe na kusainiwa kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujanunuliwa.

Chumba kikishakabidhiwa, miguu ya kitanda na ya kabati iwekewe vipande vya mbao kwa wiki chache, na jiko la mkaa likae nje au juu ya kigae. Kapeti la plastiki lisitandazwe kabla ya siku 28 kupita, na hata baada ya hapo nailoni ya majaribio ibandikwe tena kwanza, usiku mmoja na mchana wake.