Mshahara Huwaleta, Dharau Huwafukuza

Mwaka 1913 kampuni ya Ford ya Detroit iliajiri watu zaidi ya 52,000 ili ibaki na wafanyakazi wapatao 14,000. Mtindo mpya wa kuunganisha magari, gari likipita huku fundi amesimama palepale akikaza nati ileile kutwa nzima, uliwachosha watu vibaya. Wengi waliacha kazi baada ya siku chache, wengine bila hata kuaga. Januari 1914 Henry Ford akatangaza dola 5 kwa siku, takribani mara mbili ya ujira wa awali, na saa za kazi zikashuka kutoka 9 hadi 8. Wimbi la kuacha kazi likatulia.

Waajiri wengi huishia hapo wanapoisimulia habari hii, na somo lao ni kwamba pesa ndiyo dawa. Sibishi sana. Bosi anayewaambia watu "sisi ni familia moja" huku mshahara wa mwezi uliopita haujalipwa hana la kufundisha juu ya utamaduni wa kazi. Lakini habari ya Ford ina sehemu ya pili. Ili kustahili zile dola 5, mfanyakazi alikubali wakaguzi wa kampuni waende nyumbani kwake wachunguze unywaji wake, akiba yake na maisha ya ndoa yake. Baadaye viwanda vikajaa walinzi na wapelelezi wa kampuni, na kuzungumza kazini kukawa kosa. Aprili 1941 wafanyakazi wa kiwanda cha Ford cha River Rouge waligoma, na Ford ikawa ya mwisho kati ya kampuni tatu kubwa za magari za Marekani kukitambua chama chao.

Sisi tuna ushahidi wetu, wa hapa hapa nyumbani Tanzania. Februari 1971 TANU, chama tawala wakati huo, ilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikamkataza kiongozi majivuno, ufujaji, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliisoma wakaichukulia kwa uzito kuliko mameneja walivyotarajia. Migomo ikafuatana, na wengine wakawafungia mameneja wao nje ya lango. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikishika kiwanda chenyewe. Issa Shivji, aliyeichambua migogoro hiyo, alionyesha kuwa mara nyingi kilichowachoma watu hakikuwa ujira. Ilikuwa lugha ya matusi, ubabe na kufanywa si kitu.

Mwanauchumi Albert Hirschman aliandika mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika na taasisi ana njia mbili: kuondoka au kusema. Wazo hilo lilimjia alipotazama reli ya Nigeria. Wateja wenye uwezo wa kulalamika kwa nguvu walihamia kwenye malori, na waliobaki hawakuwa na sauti ya kuilazimisha reli ijirekebishe. Ofisini mambo huenda vivyo hivyo. Wa kwanza kuondoka ni yule ambaye soko linamtaka, na mara nyingi ndiye aliyekuwa akiwaambia wakubwa kwamba hesabu hazikai sawa. Akishatoka, vikao huwa vifupi na vya amani. Uongozi hudhani mambo yametengemaa.

Kwa hiyo ukitaka watu wabaki, anza na mahali pa kusemea. Tanzania ina mabaraza ya wafanyakazi tangu waraka wa Rais wa mwaka 1970, ila katika taasisi nyingi baraza limekuwa siku ya fulana mpya, hotuba ya mgeni rasmi na chakula cha mchana. Baraza la kweli hujulikana kwa jambo moja: kikao kinachofuata hufunguliwa kwa majibu ya hoja zilizotolewa kikao kilichopita, pamoja na zile zilizokataliwa na sababu za kukataliwa kwake.

Mengine yako mikononi mwa msimamizi wa karibu, ambaye ndiye kampuni kwa mfanyakazi wa kawaida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mtu siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini ni msimamizi anayeamua kama mfanyakazi ataziomba kwa raha au kwa kunyenyekea. Ni yeye pia anayetaja au kuficha jina la aliyeandika ripoti iliyosifiwa, na anayemkaripia mtu faraghani au mbele ya wateja. Hata hivyo tunampa usimamizi fundi hodari kwa sababu ni fundi hodari, bila kumuuliza kama anaweza kuishi na watu. Hili ndilo kosa ghali kuliko yote, na halionekani kwenye hesabu za mwaka.

Ofisi nyingi hufanya mahojiano na anayeacha kazi, wakati ameshasaini kwingine na hana sababu ya kusema ukweli. Ndugu mwajiri, waulize waliobaki, wiki hii, ni kitu gani karibu kiwatoe. Ukishajibiwa, usiulize nani amesema.