Chupa au kiriba? Mkimbiaji wa Pipeline na maji ya njiani

Mkazi wa mtaa wa Pipeline, Embakasi, anayetaka kukimbia masafa marefu hana haja ya kusafiri hadi Iten kutafuta njia. Barabara ya Outering, iliyo karibu na majumba ya ghorofa ya mtaa huo, ilijengewa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli ilipopanuliwa katika miaka ya 2010. Kutoka palipokuwa na Taj Mall hadi inapokutana na barabara ya Thika ni takriban kilomita 13. Akienda na kurudi amemaliza kilomita 26, na kwa umbali huo suala la maji ya kunywa haliwezi kuahirishwa hadi afike nyumbani.

Maduka ya vifaa vya michezo yana jibu lililo tayari: begi dogo la mgongoni lenye mfuko laini wa maji ndani yake, na mrija unaopitia begani hadi karibu na kinywa. Mkimbiaji hunyonya bila kusimama wala kushughulisha mikono. Ni kifaa cha busara. Hata hivyo, kilibuniwa kwa ajili ya watu ambao mifereji yao hutoa maji saa yoyote, nao wana mahali pa kukianika. Pipeline hakuna uhakika wa la kwanza, na la pili ni adimu. Kwa hivyo anayetaka kununua au kujitengenezea chombo cha maji ya mazoezini hana budi kuanza na maswali ambayo mwenye duka hatamuuliza.

Swali la kwanza ni kiasi. Wengi hubeba maji kwa kukisia, ilhali kipimo chake ni rahisi. Jipime uzani kabla ya kukimbia ukiwa na nguo nyepesi, kimbia kwa saa moja bila kunywa wala kwenda haja, jifute jasho, kisha ujipime tena. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Wakimbiaji wengi hutokwa na kati ya nusu lita na lita mbili za jasho kwa saa, kulingana na joto, kasi na maumbile ya mtu. Si lazima mizani iwe yako. Wapo vijana wanaopima watu uzani kando ya barabara kwa shilingi chache. Muhimu ni kutumia mizani ileile mara zote mbili.

Tuchukue mfano wa mtu wa kilo 65 ambaye hutokwa na lita 0.8 kwa saa. Akitumia saa mbili na nusu kwenda na kurudi, atapoteza lita mbili. Wataalamu wa tiba ya michezo wamekuwa wakishauri mkimbiaji asipungukiwe na zaidi ya asilimia 2 ya uzani wake, ambayo kwa mtu huyu ni kilo 1.3. Kinachobaki ni lita 0.7, na hicho ndicho anachopaswa kubeba. Chupa ya nusu lita na nyingine ndogo zinamtosha. Alfajiri ya Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imekaza, huenda hata hizo akarudi nazo zikiwa na maji.

Asilimia hiyo nayo si sheria isiyovunjika. Haile Gebrselassie wa Ethiopia aliposhinda mbio za Dubai mwaka wa 2009, vipimo vilionyesha kuwa alipoteza karibu asilimia 10 ya uzani wake njiani. Nao watafiti waliowachunguza wakimbiaji wa kiwango cha juu wa Kenya, wakachapisha matokeo yao mwaka wa 2008, walikuta kwamba wanariadha hao walikunywa kadiri walivyojisikia tu, chai ya maziwa ikiwa miongoni mwa vinywaji vyao vikuu, na bado miili yao haikukosa maji siku hadi siku. Mtu wa kawaida asiige jasho la bingwa, lakini anaweza kuiamini kiu yake kuliko matangazo ya biashara yanavyomwambia.

Kwani kunywa kupita kiasi nako huua. Maji mengi yakiingia mwilini kwa haraka kuliko figo zinavyoweza kuyatoa, chumvi iliyomo damuni huzimuliwa na ubongo huanza kuvimba. Katika mbio za Boston za mwaka wa 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 na kukuta kwamba asilimia 13 walikuwa na upungufu huo wa chumvi. Mshiriki mmoja wa mbio hizo alifariki kwa sababu hiyo. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, na kwa hivyo ni rahisi kumdhania mgonjwa kuwa ameishiwa na maji, akaongezewa mengine. Mara nyingi mizani humfichua: aliyekunywa kupita kiasi hurudi akiwa mzito kuliko alivyoondoka. Chombo kikubwa, basi, si lazima kiwe chombo bora.

Swali la pili ni namna ya kubeba. Lugha yetu ina neno la kale kwa kifaa kinachouzwa leo kama uvumbuzi mpya, nalo ni kiriba, mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Misafara ya karne ya 19 iliyokatiza nyika ya Taru kutoka Mombasa, au Marenga Mkali katika nchi ya Wagogo, ilitegemea viriba na vibuyu kwa kuwa kati ya kisima na kisima palikuwa na mwendo mrefu wa jua. Mwaka wa 1988 Mmarekani Michael Eidson, mhudumu wa huduma za dharura za matibabu na mwendesha baiskeli, alishiriki mbio za maili 100 za Hotter'N Hell Hundred huko Wichita Falls, Texas. Alijaza maji katika mfuko wa dripu, akautia ndani ya soksi, akaushikiza mgongoni mwa fulana yake na kuupitisha mrija begani, ukiwa umebanwa kwa kibanio cha nguo. Mwaka uliofuata kampuni ya CamelBak ikazaliwa. Kiriba kilikuwa kimepata mrija.

(Asitokee mtu akaokota dripu iliyotumika hospitalini kwa nia ya kumuiga Eidson. Mfuko na mrija uliokwisha kutumiwa na mgonjwa ni taka hatari.)

Ubora wa kiriba hicho umo katika mahali kinapokaa. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Kilo hiyo ikiwa mkononi, bega moja huinama na hatua hupotoka. Ikiwa karibu na uti wa mgongo, mwili hauihisi sana. Lakini maji yana tabia nyingine ambayo mchuuzi wa maji wa Pipeline, anayepandisha mtungi wa lita 20 hadi ghorofa ya saba, anaijua vyema kama mhandisi yeyote. Mtungi uliojaa ni mzito ila umetulia. Uliojaa nusu ni mwepesi, lakini humyumbisha mbebaji kwa kuwa maji hukimbia huku na kule, yakiugonga ubavu mmoja kisha mwingine.

Ndivyo ilivyo mgongoni mwa mkimbiaji. Dawa ni kuondoa hewa. Baada ya kuujaza mfuko laini, ugeuze juu chini ili hewa ipande kwenye mrija, kisha uinyonye hadi maji yaanze kutoka. Mfuko utasinyaa kadiri unavyokunywa, na maji hayatapata nafasi ya kupiga kelele. Chupa ngumu haisinyai, na hapo imeshindwa. Chupa laini za kubonyea hupata sehemu ya faida zote mbili, ila mashimo yake madogo huziba na plastiki yake hupasuka mapema.

Mabingwa hawabebi chochote. Katika mbio za barabarani zinazozidi kilomita 10, kanuni huagiza meza za vinywaji kila baada ya takriban kilomita 5, na chupa za wakimbiaji wakuu hupangwa hapo zikiwa na alama zao. Eliud Kipchoge alipoweka rekodi ya saa 2:01:39 mjini Berlin mwaka wa 2018, Mjerumani wa kujitolea, Claus-Henning Schulke, alikuwa akimsubiri kwenye meza hizo na kumkabidhi chupa mkononi, akisafiri kwa baiskeli kutoka kituo hadi kituo. Mjini Boston mwaka wa 2023, Kipchoge aliponyokwa na chupa yake akiwa mbioni, akamaliza wa sita. Haiwezi kusemwa kuwa chupa ndiyo iliyomshinda, lakini tukio lenyewe lilionyesha jinsi mpango wa maji ulivyo jambo la sekunde mbili. Kwenye Outering hakuna meza wala Schulke.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote kwa mkazi wa Pipeline: maji yatoke wapi, na chombo kioshwe kwa nini? Bomba lililoupa mtaa huu jina husafirisha mafuta kutoka Mombasa, nalo lilianza kazi mwaka wa 1978. Mabomba ya maji ni habari nyingine. Nairobi hugawiwa maji kwa zamu, na katika ploti nyingi za Embakasi mpangaji huweka akiba katika mitungi au hununua kwa wachuuzi. Maji yaliyopita katika mpira, tangi, mkokoteni na mtungi yamepata nafasi nyingi za kuchafuka. Jiji lilikumbwa na kipindupindu mwaka wa 2017, na tena katika mlipuko ulioanza mwaka wa 2022. Chombo kizuri kilichojazwa maji machafu hakimsaidii mtu. Humpeleka chooni akiwa Donholm.

Basi maji ya mazoezini na yachemshwe usiku na kuachwa yapoe, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa hiyo, na kuachwa kwa muda ulioagizwa. Ipo pia njia ya jua: maji maangavu katika chupa ya plastiki inayopenya nuru, isiyozidi lita mbili, hulazwa juani kwa saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu. Utafiti uliofanywa miongoni mwa watoto wa Kimaasai nchini Kenya na kuchapishwa mwaka wa 1996 ulionyesha kuwa njia hiyo hupunguza kuhara. Kwa bahati mbaya, majumba ya Pipeline yameziba jua kiasi kwamba vyumba vingi vya chini huwashwa taa mchana. Anayetaka kuitumia njia hii atahitaji ruhusa ya kufika paani.

Giza hilohilo ndilo linalomfanya mwandishi huyu akipinge kiriba cha dukani kwa matumizi ya kila siku mtaani humo. Mrija wake una urefu wa karibu mita moja na tundu lisiloingia kidole. Usiposafishwa kwa brashi ndefu na kukaushwa kabisa, ukungu huota ndani yake, kwanza kwenye kidude cha kung'ata, kisha hadi mfukoni. Kuusuuza ipasavyo huhitaji maji safi mara kadhaa, na kuukausha huhitaji upepo na jua. Mtu anayenunua maji kwa mtungi, na kuanika nguo kwenye ushoroba usio na jua, ataacha kuufanya usafi huo baada ya wiki mbili. Hilo si kosa lake. Ni kosa la kifaa kisichojua kitakapoishi.

Chupa yenye mdomo mpana, unaopitisha mkono au angalau sifongo, huoshwa kwa sabuni na vikombe viwili vya maji, kisha hukauka ikiwa imeinamishwa usiku kucha. Ichaguliwe yenye kifuniko kinachofunguka vipande vyote, kwani uchafu hukaa kwenye mpira wa kifuniko. Tazama pembetatu iliyo chini yake. Namba 2 ni plastiki ngumu kama ya mtungi, nayo hustahimili kutumiwa tena na tena. Namba 1 ni ile ya chupa za soda, inayofaa kwa muda mfupi, hadi itakapochakaa. Chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu au mafuta ya taa kisitumiwe hata kikioshwa mara kumi.

Mkanda wa kuibebea si kazi ya kiwandani. Fundi wa cherehani au wa viatu anaweza kushona utepe mpana wa begi kuukuu, wenye mifuko miwili midogo iliyoinama kidogo nyuma ya nyonga, na lastiki ya kubana shingo ya chupa. Mifuko iwe miwili ili uzani ugawanyike, na mkanda ukae kwenye mifupa ya nyonga badala ya tumboni. Anayepata begi la michezo la mitumba huko Gikomba alinunue bila kusita, lakini mfuko wa maji uliomo ndani autupe.

Kiriba kina siku zake. Anayepanda Mlima Kenya, au kukaa saa nyingi milimani Ngong mbali na maji, atahitaji lita mbili au zaidi, na hapo hakuna chupa ya kiunoni itakayomfaa. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na fuo zinazohifadhiwa, kwa hivyo mkimbiaji wa Karura pia anapaswa kuwa na chombo cha kudumu.

Kwa mbio zinazopita saa moja na nusu, maji matupu yanaweza kuongezewa nguvu kwa gharama ndogo: katika lita moja, vijiko vitano vya mezani vya sukari na robo kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo. Kinywaji hicho kiwekwe katika chupa moja na maji matupu katika nyingine, na chupa ya sukari ioshwe siku hiyohiyo, kwa sababu vijidudu navyo hupenda sukari.

Kabla ya kukitegemea chombo kipya kwa kilomita 26, kijaze, ukivae, kisha upande na kushuka ngazi za ploti mara tatu kwa kasi. Kikichubua nyonga, kikivuja kifunikoni au kikiruka mfukoni, fundi bado yuko karibu.