Hodi elfu mbili, na mupunga bado uko depo

Ndugu wanamemba, tangu koperativi za upande wa Kalima zianze kuwa na tovuti zao, kuna hesabu mpya inayosomwa kwenye mikutano. Zamani karani alisoma magunia ya mupunga yaliyoingia depo, bei ya wiki na madeni. Sasa anaongeza: "Mwezi huu tovuti yetu imepata hodi elfu mbili." Watu wanapiga makofi. Halafu mzee mmoja kule nyuma anauliza: "Na magunia ngapi yametoka kupitia mule?"

Swali la mzee ndilo swali lenyewe. Jina la tovuti linalipwa kila mwaka, na nafasi yake kwenye mashine ya kampuni inayoitunza inalipwa pia, kwa dola, na dola zile zinatoka kwenye mupunga, karanga na mawese ya wanamemba. Kama kamati haijui tovuti inaleta nini, itaendelea kulipa juu ya heshima tu, ama itaifunga kwa hasira wakati kuna mnunuzi Kindu au Bukavu anaitafuta.

Na sisi wa Kalima tuna sababu zaidi ya kuliangalia jambo hili. Mji wetu ulikua na bati, tangu Symétain ilipoanzishwa mwaka 1932. Bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, familia nyingi zilirudi kwenye shamba. Lakini mazoea ya biashara yalibaki yale ya machimbo: mnunuzi wa kasiterite anakuja mwenyewe, na pikipiki yake, mpaka karibu na shimo. Mnunuzi wa mupunga hafanyi hivyo. Yeye lazima aitwe, na akiitwa lazima apate mtu wa kumjibu.

Tuanze basi na hizo hodi. Kila mara simu au kompyuta inapofungua ukurasa wenu, mashine inayotunza tovuti inaandika mistari kwenye daftari lake: saa, anwani ya kifaa, kitu kilichoombwa, na kama kilipatikana. Mstari mmoja kwa kila kitu. Ukurasa wenye picha 20 unaandika mistari 21, mmoja wa ukurasa na 20 za picha. Kwa hiyo hodi 2,000 za karani zinaweza kuwa kurasa 95 tu zilizofunguliwa. Koperativi yenye picha nyingi itaonekana ina wageni wengi kuliko jirani yake, kumbe ina picha nyingi tu.

Hesabu ya kwanza yenye maana ni ile ya ziara: mtu ameingia, ameangalia kurasa mbili tatu, ametoka. Programu nyingi zinahesabu hivi: akikaa dakika 30 bila kugusa kitu, ziara imekwisha, na akirudi ni ziara mpya. Halafu kuna wageni, yaani watu wenyewe, na hapa hesabu inayumba. Mtu mmoja akifungua asubuhi kwa simu na mchana kwa kompyuta ya ofisi, anaweza kuhesabiwa watu wawili. Upande mwingine, simu nyingi za mtandao mmoja zinaweza kutokea kwenye intaneti kwa anwani moja, na programu inayoangalia anwani itaona mtu mmoja. Hata mji unaoonyeshwa usiuamini sana. Mtu akiwa Kalima, ripoti inaweza kumweka Kinshasa.

Tena wako wageni wasiokula wali. Ni roboti, mashine zinazozunguka intaneti usiku na mchana kusoma kurasa. Ile ya Google inatufaa, bila yeye hakuna atakayetupata kwa kutafuta. Nyingine zinatafuta mlango ulio wazi wa kuibia. Zote zinaandikwa daftarini. Na kuna watu wanaouza "wageni elfu kumi" kwa dola kadhaa. Wageni wale mara nyingi ni roboti hizohizo. Musilipe.

Programu za kuhesabu zipo, na kadhaa ni za bure. AWStats na Webalizer zinasoma lile daftari la mashine, na makampuni mengi yanayotunza tovuti yameziweka tayari, inabaki kuomba mlango wa kuingilia. Google Analytics ilianza mwaka 2005 na inahitaji maandishi mafupi yawekwe ndani ya kurasa. Angalieni hapa: toleo lake la zamani liliacha kuhesabu tarehe 1 Julai 2023. Kama tovuti yenu ilitengenezwa kabla na hakuna aliyeigusa, huenda haihesabu kitu tangu siku ile. Matomo mnaweza kuiweka kwenye mashine mnayoilipia wenyewe. Kwa koperativi ndogo, sisi tunaona AWStats inatosha, pamoja na daftari la karatasi.

Ndiyo, la karatasi. Likae karibu na simu ya koperativi, na kila mwenye kupiga aulizwe: "Namba yetu umeipata wapi?" Jibu lile linashinda ripoti yenye rangi. Kuna na mbinu nyingine rahisi: tovuti iwe na milango miwili. Anwani iliyochapwa kwenye gunia imalizikie na neno "gunia", ile inayosemwa redioni imalizikie na "redio", na zote zifungue ukurasa uleule wa bei. Mwisho wa mwezi mtaona mlango gani umefunguliwa mara ngapi, na mtajua kama pesa ya tangazo la redio ilienda bure.

Wageni wenyewe waongezwe namna gani? Kwanza, mupunguze uzito. Picha inayotoka kwenye simu inaweza kuwa na mega 4. Ukiweka picha kumi, mnunuzi anachoma mega 40 kabla hajaona bei, na mega ananunua kwa franka zake. Ataacha katikati. Picha zilezile zikipunguzwa mpaka kilobaiti 150 kila moja, zote kumi ni mega moja na nusu.

Pili, maneno. Tovuti nyingi tulizofungua zinaanza na "Karibu kwenye tovuti yetu" na picha ya kamati imevaa vizuri. Hakuna mtu anayetafuta hayo. Anayetafuta anaandika "riz Kalima", "riz Maniema prix", "mchele wa Kindu". Maneno hayo yawe kwenye kichwa cha ukurasa, kwa Kifaransa na Kiswahili, pamoja na bei, tarehe ya bei, na magunia yaliyopo. Bei isiyo na tarehe inafukuza mtu. Search Console ya Google, ya bure, itawaonyesha maneno ambayo watu waliandika mpaka wakawaona ninyi.

Tatu, mlango wa kutokea. Anayependa bei aguse mara moja na aongee na mtu. Anwani ya wa.me/243, ikifuatwa na namba yenu bila sifuri ya mbele, inamfungulia WhatsApp palepale. Wekeni pia namba ya usajili kwenye Rejista ya koperativi kufuatana na sheria ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010. Mnunuzi wa mbali anaogopa koperativi hewa. Na mukihifadhi namba za wapigaji, muwaombe ruhusa kwanza: kanuni ya mambo ya dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za watu.

Musidhani pia kila mtu lazima apitie tovuti. Kule Kenya, M-Farm ilipoanza mwaka 2010, mkulima alituma ujumbe mfupi kwenye namba 3535 akapata bei ya soko bila kufungua ukurasa wowote. Na kahawa ya SOPACDI ya Kalehe, iliyoanza mwaka 2003, haikununuliwa Ulaya juu ya picha. Mnunuzi wa kahawa anaonja kwanza kikombeni. Tovuti inakuja kujibu maswali yake: watu hawa wako wapi, na nani atapokea simu?

Ndiyo maana tunaomba mkutano ujao karani asome hesabu nne badala ya moja: ziara bila roboti, waliofungua ukurasa wa bei, waliopiga au kuandika WhatsApp, na magunia waliyochukua. Tuseme, kwa mfano tu, ziara 40, bei 15, simu 3, magunia 10. Hakuna atakayepiga makofi. Lakini kamati itaweka faida ya magunia 10 upande mmoja, dola za mwaka upande mwingine, na kupiga kura ikiona inachofanya.

Daftari la simu linaweza kuanza Jumatatu. Mistari mitano inatosha: tarehe, namba, alikotupata, alitaka nini, alichukua nini. Kalamu ifungwe na kamba.